Nusu marathoni Pemba: tupite njia ipi, na meza za maji ziwe ngapi?

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Sisi ni kikundi cha mazoezi hapa Wete. Mwishoni mwa Julai tunataka kuandaa nusu marathoni, na tunategemea wakimbiaji 400. Kamati imegawika. Wengine wanataka tuanzie upande wa Chake Chake tumalizie Wete mjini. Wengine wanasema tuanzie Uwanja wa Gombani, huko huko Chake, tushike njia ya Wete, tugeuke njiani na kurudi pale pale. Tushike lipi? Na meza za maji ziwe ngapi, juu yake tuweke nini? Kuna wanaosema madafu yanatosha, kwa kuwa tunayo. Urefu tumeupima kwa pikipiki.

JIBU: Waalaykum salam. Shikeni la kwenda na kurudi. Najua watu wa Wete watanung'unika, na "Chake hadi Wete" inapendeza kweli ikiandikwa kwenye fulana, lakini kinachowasumbua waandaaji wa mbio ni maji na gari kuliko jina.

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Mkigeukia katikati, kila meza mtakayoweka njiani itapitwa mara mbili. Wekeni meza kwenye kilomita 2.6, 5.3 na 7.9, na ya nne pale pa kugeukia, 10.5. Kwa meza nne tu mkimbiaji atapata maji mara saba, kila baada ya kilomita mbili na nusu na ushei. Desturi ya mbio ndefu ni meza kila kilomita 5 hivi, na maji matupu katikati yake joto likiwa kali. Kwa Pemba joto lihesabuni kuwa kali, hata hiyo Julai ya upepo wa kusi. Mkienda moja kwa moja hadi Wete, mtahitaji meza saba, watu wa kujitolea wa meza saba, na gari la kuzifikia zote wakati barabara imefungwa. Zaidi ya hapo mtavuka kutoka Mkoa wa Kusini kuingia Kaskazini, maana yake polisi wa mikoa miwili na vikao mara mbili.

Liko na la upepo. Kusi hutoka kusini, kwa hiyo anayekimbia kuelekea Wete anasukumwa mgongoni. Muda wake utakuwa mzuri, lakini hewa haimpozi, na jasho linabaki mwilini. Anayerudi Gombani atapambana na upepo, ila utampoza katika kilomita za mwisho, pale anapouhitaji. Isitoshe, mbio ambazo mwanzo na mwisho wake vimetengana kwa zaidi ya nusu ya urefu wa njia, ukipima kwa mstari ulionyooka, hazikubaliwi kwa rekodi. Mwaka wa kwanza hilo si la kuwakosesha usingizi, lakini kwa nini mjifungie mlango?

Kipimo cha pikipiki kiacheni. Saa za mkononi zinazofuata setilaiti nazo hazitoshi. Barabara hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Kwanza tafuteni kipande kilichonyooka kisichopungua mita 300, kipimeni kwa utepe wa chuma, mkipite na baiskeli mara kadhaa mjue kihesabio kinasoma ngapi kwa kilomita. Kisha pimeni njia yenyewe kwa kufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kwenye kona mkikaa sentimita 30 kutoka ukingoni. Mwisho ongezeni sehemu moja kwa elfu, yaani mita 21, ili njia isije ikaonekana fupi. Fanyeni kazi hii asubuhi na mapema, kwa sababu jua likipanda tairi hujaa na hesabu hubadilika. Rudini tena kwenye kile kipande mkimaliza. Barabara za Pemba zina kona nyingi na vilima, kwa hiyo amueni kabla ya kupima kama wakimbiaji wataruhusiwa lami yote au watabaki kushoto kwao kwa koni. Kwa njia ya kwenda na kurudi ni lazima wabaki kushoto, na mstari wa kupima uwe humo humo.

Kwa hesabu ya maji, kila mkimbiaji mpeni kikombe kimoja na nusu kila anapopita, kikombe kikiwa na mililita 150. Watu 400 ni vikombe 600, sawa na lita 90. Meza zinazopitwa mara mbili zipate lita 180 kila moja, yaani madumu tisa ya lita 20. Ya kugeukia lita 90. Mwisho wa mbio wekeni lita 200. Ukijumlisha ni lita 830. Ongezeni robo, mfike elfu moja na kidogo. Maji ya kujimwagia kichwani yawe mbali na haya, kwenye ndoo za rangi nyengine. Chupa ndogo msinunue: nyingi zitatupwa zikiwa na nusu ya maji, na zikibiringika kwenye mteremko mtu ataumia.

Meza isiwe kwenye mteremko wala chini ya kilima. Ikae mbele kidogo ya kilele, watu wamekwisha kuhema. Wekeni safu mbili, moja kila upande wa barabara, zinazolishwa na gari moja.

Madafu yana potasiamu nyingi, lakini kinachotoka zaidi kwenye jasho ni sodiamu, na dafu haliirudishi ipasavyo. Tena nani atakaa akichenga kwa panga mbele ya watu 400 wanaokimbia? Yakichengwa mapema huchacha. Madafu, ndizi na machungwa viwekeni mwisho, vitaliwa vyote. Njiani, kwenye kilomita 5.3 na pa kugeukia, changanyeni wenyewe: dumu la lita 20 za maji yaliyochemshwa, sukari kilo moja na gramu 200, chumvi gramu 30 (vijiko vitano vya chai vilivyosawazishwa), na ndimu za kuleta ladha. Changanyeni alfajiri hiyo hiyo. Juisi ya miwa ni tamu mno, itawachafua matumbo.

Halafu mwambieni mtangazaji asipige kelele za "kunyweni, kunyweni!". Wanaokwenda polepole, wakinywa kila meza kwa kulazimishwa, sodiamu ya damu hushuka: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikuwa na hali hiyo. Watu wanywe kwa kiu yao. Mwenye dalili hizo asipewe maji zaidi, apelekwe hospitali.

Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, jua linapochomoza. Kwa kikomo cha saa tatu, barabara inafunguliwa saa 3 na nusu. Julai karafuu huanza kuingia, na majamvi yataanikwa pembezoni mwa lami; pitieni kwa sheha, yaani kiongozi, wa kila shehia wiki mbili kabla, muombe nafasi ya asubuhi hiyo tu. Kila meza ifiche madumu mawili chini kwa ajili ya watu wa nyuma, na msimamizi asiyafungue mpaka gari la mwisho lionekane.