Maswali na Majibu: Baba Amerudishwa Kwao, Watoto Wamebaki Kwao

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni watu wanaokamatwa ugenini na kurudishwa makwao kwa nguvu kwa sababu hawana makaratasi. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa yaliyomo ndani yake yamo pia katika barua nyingine ambazo hazikupata nafasi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu alikwenda Marekani mwaka 2006 kwa viza ya matembezi, muda wake ukaisha, naye akabaki. Alifanya kazi ya kutunza wazee, baadaye akahamia kazi ya ghala. Alimwoa Mkenya mwenzake mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wakapata watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume miaka 6. Mwaka jana alikamatwa, akawekwa kizuizini miezi minne, kisha akashushwa uwanja wa ndege wa Nairobi akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Sasa yuko kwa mama yetu, hatoki chumbani ila kwa swala. Majirani wanasema mtu hafukuzwi Marekani bure, lazima aliiba au aliuza unga. Mkewe anatuambia mtoto wa kiume ameanza tena kukojoa kitandani. Je, ataweza kurudi? Na watoto tuwafanyie nini?
— Dada mtu, Kisauni, Mombasa

JIBU: Dada yetu, tuanze na majirani, kwa sababu maneno yao ndiyo yanayomfungia nduguyo mlango. Kwa sheria ya Marekani, mtu aliyeingia kwa viza halali kisha akapitisha muda hakutenda jinai. Kosa lake ni la kukiuka masharti ya ukaazi, na shauri lake husikilizwa na mahakama za uhamiaji, ambazo ziko chini ya Wizara ya Sheria na si sehemu ya mahakama za kawaida. Matokeo yake ni kwamba serikali haimlipii wakili, hata akiwa hana senti, kwa hoja kwamba hashtakiwi kwa jinai. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuiba hata sindano anaweza kufungiwa kizuizini miezi kadhaa, akasimama peke yake mbele ya jaji na wakili wa serikali, na akafukuzwa. Mwambie mama yenu aliseme hilo waziwazi kwa jirani atakayeuliza.

Kuhusu kurudi, jibu ni kwamba njia ipo, lakini ni ndefu. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ngumu ya uhamiaji iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, na sheria hiyo ndiyo inayowabana watu wengi wa hali ya nduguyo mpaka leo. Aliyekaa bila kibali kwa mwaka mmoja au zaidi kisha akaondoka huzuiwa kuingia kwa miaka 10, na amri ya kufukuzwa iliyotolewa na jaji kwa mtu aliyekuwa akiishi humo nayo huleta kizuizi cha miaka 10. Mkewe akipata uraia anaweza kumwombea, lakini atahitaji ruhusa maalumu ya kuondolewa vizuizi hivyo, na ruhusa hiyo hudai kuthibitisha kwamba kutengana kwao kunaleta dhiki kubwa mno. Hapa pana jambo ambalo sisi tunaliona kuwa ni ukatili ulioandikwa katika kifungu: kwa kizuizi cha kukaa bila kibali, dhiki inayohesabiwa ni ya mke, mume au mzazi aliye raia au mwenye kadi ya kijani. Dhiki ya mtoto haimo, ingawa mtoto huyo ni raia aliyezaliwa humo.

Hata kabla ya kufukuzwa, mtu aliyekaa miaka 10 anaruhusiwa kumwomba jaji amwachie, na hapo mtoto huhesabiwa. Ila ni lazima aonyeshe kwamba mtoto atapata dhiki ya pekee, iliyopita sana ile ya kawaida, na walioweza kupewa nafuu hiyo kwa mwaka hawazidi 4,000 katika nchi nzima. Kumkosa baba, kwa kipimo hicho, ni dhiki ya kawaida. Mtoto mwenyewe hawezi kumwombea mzazi mpaka atimize miaka 21. Binti wa ndugu yako ana miaka 9, kwa hiyo hesabu ni miaka 12.

Tunakuomba jambo moja kwa msisitizo. Atakuja mtu na kumwambia nduguyo kwamba anajua njia ya kupitia Mexico. Akiingia kwa mlango wa nyuma baada ya kufukuzwa, hapo ndipo atakapokuwa ametenda jinai, na kizuizi cha miaka 10 kitageuka kuwa cha maisha. Badala yake atunze kila karatasi aliyopewa, hasa nakala ya amri ya jaji na namba ya faili lake la uhamiaji, kwa sababu wakili yeyote atakayelishika shauri hili ataanzia hapo.

Sasa watoto. Mtoto wa miaka 6 anayerudia kukojoa kitandani si mkaidi wala hajaharibika. Mwili wake unasema neno ambalo ulimi hauna. Mtaalamu wa familia Pauline Boss wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza katika miaka ya 1970 kueleza huzuni ya watu ambao mpenzi wao hayupo na hajafa. Sisi tungeiita msiba usio na matanga. Akifa mtu, jamaa hukusanyika, mke hukaa eda, kuna siku ya arobaini, na huzuni hupewa mipaka. Baba aliyefukuzwa hana lolote katika hayo. Yuko hai, sura yake iko kwenye simu, lakini kiti chake mezani ni kitupu, na hakuna anayeweza kumwambia mtoto ni lini kitakaliwa. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudanganya, wakasema baba yuko safarini, na mtoto huanza kuhesabu siku. Hatushauri hivyo. Mwambieni ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wake: serikali imemkataza baba kuishi huku, baba hakutaka kuondoka, na si kwa kosa la mtoto. Hilo la mwisho lirudieni, kwa maana watoto wadogo hujitwika lawama za mambo yasiyo yao.

Nduguyo naye apewe kazi ya ubaba inayowezekana kwa mbali. Awe na saa maalumu, isiyobadilika, ya kusoma na watoto kwa simu ya video, hata kama kwa Mombasa itakuwa alfajiri. Mwalimu wa shule aarifiwe, ili asimwone mtoto kuwa mtovu wa adabu. Tena lipo jambo la faraja lililo mikononi mwenu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua mtoto wa Mkenya kuwa raia wa kuzaliwa hata akizaliwa nje, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Waandikisheni watoto ubalozini na wapate pasipoti za Kenya. Mlango uliofungwa kwa baba uko wazi kwao pande zote mbili, nao wanaweza kuja kukaa na baba yao wakati wa likizo bila kupoteza haki yao ya kurudi.

Hukuandika kuhusu fedha, lakini tunaweza kukisia. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Marekani ndiyo chanzo kikubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Fedha hizo ni dawa za kisukari za mama na karo ya mpwa. Mtumaji akifukuzwa, mkondo hukatika, na pengine hugeuka: mke aliyebaki kule akilipa kodi ya nyumba peke yake ndiye sasa anayemtumia mume huku. Mwanamume aliyezoea kutegemewa hulibeba hilo kwa aibu kuu. Ikiwa alitunza wazee kwa miaka mingi, ana ujuzi unaohitajika hapa pia. Msimharakishe, lakini msimwache chumbani.

SWALI: Nasoma barua za huruma kila mara. Lakini sheria ni sheria. Mtu akiingia nyumba ya watu bila hodi hutolewa, na wenye nchi hupata kazi zilizokuwa zimechukuliwa. Ubaya uko wapi?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, kila dola ina haki ya kulinda mpaka wake, nasi hatubishani na hilo. Ulichouliza ni kama wenye nchi hufaidika, na hilo linaweza kutazamwa kwa mfano.

Postville ni mji mdogo katika jimbo la Iowa, na mwaka 2008 ulikuwa na wakazi wapatao 2,200. Uhai wake ulikuwa machinjio makubwa ya nyama ya kosher, iliyo halali kwa Wayahudi, yaliyoajiri wahamiaji wengi kutoka vijiji vya Guatemala na Mexico. Asubuhi ya tarehe 12 Mei 2008 maafisa wa uhamiaji waliyazingira, helikopta zikiwa juu, wakakamata watu 389. Walipelekwa kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe katika mji wa Waterloo, wakasomewa mashtaka kwa makundi, na wengi wao, baada ya kukiri kutumia namba za utambulisho zisizo zao, walifungwa miezi mitano kabla ya kufukuzwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika shauri jingine kwamba shtaka zito la wizi wa utambulisho, lile lile walilotishwa nalo hadi wakakiri kosa dogo, halisimami bila kuthibitisha kwamba mshtakiwa alijua namba hiyo ni ya mtu mwingine. Wao walikuwa wameshapelekwa kwao, ambako baadhi yao walikuta madeni ya nauli ya safari ya kwanza yakiwasubiri.

Familia zilikimbilia kanisa Katoliki la mji. Akina mama walioachiwa kwa ajili ya watoto wao walifungwa vifaa vya ufuatiliaji miguuni. Hawakuruhusiwa kufanya kazi, wala kuondoka. Machinjio yalifilisika mwezi Novemba mwaka huo huo, na biashara ndogo zikalegea pamoja nayo. Na kazi zile, je, zilichukuliwa na wenyeji? Miongoni mwa walioletwa kuzijaza ni watu kutoka visiwa vya Palau katika Bahari ya Pasifiki, na Wasomali waliopewa hifadhi Marekani.

Athari nyingine ilikuja kuonekana kwenye mizani za wodi za wazazi. Watafiti walichunguza kumbukumbu za uzazi za jimbo zima la Iowa, wakakuta kwamba katika wiki 37 baada ya msako, watoto wa akina mama wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikabiliwa na hatari ya kuzaliwa na uzito pungufu kwa asilimia 24 zaidi kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Hali hiyo ilionekana hata kwa mama waliozaliwa Marekani, raia kamili ambao hakuna aliyeweza kuwafukuza. Kwa mama Wazungu haikuonekana. Hofu iliwafikia watoto ambao walikuwa bado tumboni.

Kuhusu ajira kwa jumla, mwaka 1964 Marekani ilifuta mpango ambao katika kilele chake ulileta karibu nusu milioni ya vibarua wa mashambani kwa mwaka kutoka Mexico, kwa hoja kama yako, kwamba mishahara ya wenyeji itapanda. Wachumi waliorudi kupima walikuta kwamba haikupanda kwa namna iliyotarajiwa. Wakulima walinunua mashine za kuvuna nyanya na kupunguza mazao yasiyoweza kuvunwa kwa mashine. Ghala linapokosa wabebaji, msimamizi na dereva aliye raia naye hukosa kazi.

Itazame pia nchi inayopokea. Magenge ya El Salvador yaliyoitesa nchi hiyo kwa miongo mitatu yalizaliwa mitaani Los Angeles, miongoni mwa vijana waliokimbilia huko wakati wa vita. Katika miaka ya 1990 Marekani iliwarudisha kwa wingi katika nchi iliyotoka vitani, isiyo na kazi wala polisi wa kutosha, wengine wakiwa hawakumbuki hata mtaa waliozaliwa. Vurugu iliyofuata iliwafanya wengine wengi wakimbilie Marekani upya.

SWALI: Mume wangu alizaliwa hapa Ngara, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1959. Mwaka 2013 aliondoka kwa amri ya kuwaondoa wahamiaji haramu, nikabaki na watoto. Sasa mkubwa anaomba kitambulisho cha Taifa na anaulizwa baba yuko wapi. Je, wanangu ni Watanzania?
— Mama wa watoto wanne, Ngara

JIBU: Mama, ndiyo, ni Watanzania. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto aliyezaliwa Tanzania ambaye mzazi wake mmoja ni Mtanzania ni raia wa kuzaliwa, na mama ni mzazi sawa na baba. Usikubali kuambiwa vinginevyo mezani kwa mtu. Mwanao apeleke cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako wewe, barua ya serikali ya kijiji na vyeti vya shule. Pakikosekana cheti, aanzie ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo.

Tumeipa barua yako nafasi kwa sababu wasomaji wetu hudhani mambo haya hufanywa na Wazungu pekee. Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa Kagera, alitoa wiki mbili kwa waliokuwa nchini kinyume cha sheria, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda, wengine wakiacha ng'ombe, mashamba na wake. Mwaka uliofuata, Oktoba 2014, serikali hiyo hiyo ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 162,000, jambo ambalo ni nadra sana duniani. Nchi moja iliweza yote mawili, nasi tunataka ikumbukwe kwa lile la pili, lakini hatuwezi kulinyamazia la kwanza wakati watoto wako wangali wanaulizwa baba yao yuko wapi.

Sheria hiyo ya Uraia inampa mke mgeni wa Mtanzania njia nyepesi ya kuomba uraia, ila mume mgeni wa Mtanzania haimpi. Mumeo akitaka kurudi, itambidi aanze na kibali cha ukaazi. Na mwanao mkubwa aangalie jambo hili: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anaweza kuvuka kwenda kumtembelea baba yake kwa hati ya kusafiria ya Tanzania, lakini asichukue kitambulisho cha Rwanda, hata akihimizwa na jamaa wa huko, kabla hajazungumza na ofisi ya uhamiaji ya wilaya au wakili.