Maswali Yenu Kuhusu Wachettiar

Wafanyabiashara Watamil ni hawa hawa Wahindi wenye maduka Mombasa na Dar es Salaam?

Sivyo. Wengi wa Wahindi wa huku asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Watamil ni watu wa kusini, na kati ya wafanyabiashara wao waliovuma sana ni Nattukottai Chettiar wa Chettinad, pande za Karaikudi. Wao walielekea mashariki: Ceylon (Sri Lanka ya leo), Burma (Myanmar), Malaya (Malaysia na Singapore), Saigon huko Vietnam.

Waliuza nini?

Kazi yao kubwa ilikuwa kukopesha. Waingereza walipoitwaa Burma ya Chini, yaani sehemu yake ya kusini, mwaka 1852, kisha Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, mchele ulipata soko kubwa. Mkulima alihitaji fedha za kufyeka pori na kulipa vibarua, na benki za Wazungu hazikumjali. Chettiar alimkopesha. Singapore mawakala wao walikaa ukumbi mmoja mrefu, kila mtu ameketi sakafuni nyuma ya kidawati kifupi, kasha lake la mbao ubavuni. Fedha zilisafiri kwa hundi, neno lile lile tunalotumia sisi.

Babu yangu angewaita wala riba. Wewe je?

Kilio cha wakulima nakielewa. Bei ya mchele iliporomoka mwaka 1930, madeni yakashindikana kulipwa, na kufikia 1937 takriban robo ya mashamba ya mpunga ya Burma ya Chini ilikuwa mikononi mwa Wachettiar. Lakini wao walitaka fedha zao zirudi, mashamba walibaki nayo kwa kukosa la kufanya. Mwaka 1942 Wajapani walipoingia, wengi walikimbia, na mali ile hawakuipata tena.

Na hizo sadaka zao?

Hapa ndipo wanaponigusa. Desturi yao, magamai, ni kutenga fungu la mapato kwa ajili ya hekalu na kazi za heri. Annamalai Chettiar alianzisha chuo kikuu katika mji wa Chidambaram mwaka 1929. Alagappa Chettiar alitoa ekari 300 na rupia milioni 1.5 ili Karaikudi ipate taasisi ya utafiti wa kemia ya umeme. Alifariki 1957, hata miaka 50 hajafikisha.

Majumba yao bado yapo?

Yapo: nguzo za msaji wa Burma, kuta za chokaa iliyochanganywa na ute wa mayai, zinang'aa hadi leo. Mengi yamefungwa, ndugu wametawanyika. Hufunguliwa kukiwa na harusi.