Siku Tano Ureno: Kwa Nini Safari ya Pili Niliiacha Porto

Watu wawili wa karibu yangu wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali lile lile: mtu akiwa na siku tano tu za kukaa Ureno, aende wapi? Wote wawili walikuwa wamekwisha kuandika orodha, na orodha zenyewe zilifanana: Lisbon, Sintra, Porto, kisha fukwe za Algarve kule kusini. Orodha hiyo naifahamu vizuri, kwa kuwa ndiyo niliyokwenda nayo safari yangu ya kwanza, na ndiyo iliyonirudisha Mombasa nikiwa hoi kuliko nilivyoondoka.

Anza kwa kuzihesabu siku zako upya, maana siku tano za kwenye tiketi hupungua zikishakufika mkononi. Mimi nilibadilisha ndege Istanbul na kufika Lisbon alasiri, sijalala, macho yanawasha, na siku ile ikaishia kwenye kutafuta nyumba ya wageni na kitu cha kula. Siku ya mwisho nayo ilikuwa ya kufunga sanduku na kuwahi uwanja wa ndege. Zilibaki siku tatu kamili. Katika siku hizo tatu nilipanda treni ya Porto, safari ya kama saa 3, nikalala huko usiku mmoja na kurudi Lisbon kesho yake. Siku iliyofuata nikaenda Lagos, mji wa pwani ya Algarve na si ule wa Nigeria, safari ya karibu saa 4 yenye kubadilisha treni kituo cha Tunes, na jioni nikarudi kwa njia ile ile. Ukijumlisha, nilikaa ndani ya treni saa 14 hivi, bila kuhesabu muda wa kusubiri vituoni. Ukumbi wa kituo cha São Bento pale Porto una vigae vya rangi ya buluu na nyeupe vipatavyo 20,000, vilivyochorwa na Jorge Colaço mwanzoni mwa karne ya 20, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuvitazama. Mimi nilivitazama sanduku likiwa mkononi, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

Baada ya hapo nilijifunza kujiuliza kwanza ninakwenda kutafuta nini, kisha jibu liniondolee miji, badala ya kuanza na miji na kutafuta namna ya kuifikia yote. Jibu langu halikuwa gumu kupatikana. Nimekulia jirani na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu udogoni nasema meza, leso, bendera na gereza bila kufikiri kwamba maneno hayo yaliletwa kwa merikebu. Nilitaka kuona upande wa pili wa hadithi ile, yaani bandari ambako watu wale waling'oa nanga. Kwa swali kama hilo, Lisbon inatosha, na sehemu kubwa ya Lisbon inayohusika iko Belém, mtaa ulio kando ya mto. Mwingine anayependa mto, madaraja na mashamba ya mizabibu angefika Porto na kukaa huko huko, wala asingekosea. Fukwe za Algarve ni nzuri na majabali yake ya rangi ya dhahabu yanapendeza mno, lakini niseme ukweli: mtu aliyezoea maji ya Diani au Nungwi atatia mguu katika Atlantiki mwezi wa Agosti, na atautoa upesi.

Safari ya pili nilikwenda mwezi wa Aprili pamoja na shangazi yangu, ambaye magoti yake yalikuwa na sauti katika kila uamuzi. Hilo nalo ni jambo la kuzingatia mapema, kwa sababu Lisbon ni mji wa vilima na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo ambavyo huteleza mvua ikinyesha. Mara ya kwanza nilikodi chumba Alfama, mtaa wa kale wenye vichochoro vinavyonikumbusha Mji wa Kale wetu, na kilichokuwa hakikutajwa kwenye tangazo ni kwamba chumba kiko ghorofa ya nne na lifti hakuna. Mara hii tulilala Baixa, bondeni, mahali palipojengwa upya kwa mitaa iliyonyooka baada ya tetemeko la ardhi la Novemba 1, 1755 kuubomoa mji. Alfama tuliitembelea mchana, tukishuka badala ya kupanda. Tramu namba 28, ambayo kila mgeni huambiwa aipande, tuliiacha ipite mara tatu ikiwa imejaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, na wezi wa mifukoni wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Belém tulikwenda kwa tramu namba 15, na tuliitengea siku nzima. Siku hiyo usiifanye Jumatatu, kwa sababu makumbusho mengi ya huko hufungwa, na nyumba ya watawa ya Jerónimos ni mojawapo. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu ya gharama ilitoka katika ushuru wa biashara ya viungo, viungo vile vile vilivyowaleta Wareno katika bahari yetu. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, na upande wa pili kuna la Luís de Camões, mshairi aliyezitaja Mombasa na Malindi katika utenzi wake uliochapishwa 1572. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilifikiria Aprili ya 1498, da Gama alipofika Mombasa na kuondoka bila maelewano, kisha akapokewa vizuri Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Nikafikiria pia 1505, jeshi la Francisco de Almeida lilipoichoma Mombasa. Shangazi aliangalia sanamu ya da Gama iliyolala juu ya jiwe la kaburi, mikono imekunjwa kama ya mtu anayeomba, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu ndiye aliyekuja kwetu?" Nilipomjibu ndiye, aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Hiyo ni nusu saa ambayo ratiba ya safari ya kwanza isingeniruhusu.

Siku moja ya kutoka nje ya mji inafaa, ila iwe moja. Wengi huchagua Sintra, kwa kuwa treni kutoka kituo cha Rossio huchukua dakika kama 40 na majumba yake yaliyojificha msituni ni ya ajabu. Ubaya ni kwamba kila mtu amewaza hivyo hivyo, na tiketi ya kasri la Pena huwa na saa maalumu ya kuingia. Sisi tulichagua Évora, mji uliozungushiwa ukuta, kama saa moja na nusu kutoka Lisbon kwa basi. Kuna nguzo za hekalu la Warumi, chuo kikuu kilichoanzishwa 1559, na kikanisa ambacho kuta zake zimefunikwa kwa mifupa ya binadamu, mlangoni pakiwa pameandikwa kwamba sisi mifupa tuliopo hapa tunaingojea yenu. Shangazi alikataa katakata kuingia, akaningojea nje akila chungwa. Nisingempeleka Évora mwezi wa Julai au Agosti, kwa sababu joto la uwanda ule huweza kupanda hadi nyuzi 40.

Kwa Mwislamu, suala la chakula nalo husaidia kuchagua mtaa wa kulala. Nyama ya nguruwe hujitokeza hata ndani ya supu, lakini samaki hawakosekani, na katika eneo la Martim Moniz, ambalo kutoka Baixa hufikiwa kwa miguu, kuna mikahawa mingi ya watu wa Bangladesh na Pakistan inayouza nyama halali. Ijumaa tuliswali katika msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, ambao waumini wake wengi wana asili ya Msumbiji na Guinea-Bissau. Mzee mmoja wa Msumbiji alipotusikia tukizungumza, alitusalimu kwa Kiswahili cha kubahatisha, akafurahi kuliko sisi.

Uamuzi huu wote ufanywe kabla ya kuomba viza, maana ratiba unayoambatisha ndiyo inayoonyesha ni nchi gani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, utakayokaa siku nyingi zaidi, na maombi hupelekwa kwa nchi hiyo. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya kuondoka. Wapo wanaotaka kuongeza Madrid kwa kuwa kwenye ramani inaonekana jirani. Treni ya usiku iliyokuwa ikiunganisha miji hiyo miwili ilisitishwa 2020, na kwenda kwa kuunganisha treni kunakula siku yako nzima. Mwenye siku saba, na ambaye kweli anaitaka Porto, atafute tiketi ya kuingilia Lisbon na kutokea Porto ili asirudi nyuma.

Alasiri ya mwisho tulikuwa tumepanga kupanda kwenye ngome ya São Jorge. Magoti yalikataa, basi tukateremka Cais do Sodré na kupanda feri ya Cacilhas, inayovuka mto Tejo kwa dakika kama kumi, imejaa watu wanaotoka kazini na mifuko yao ya sokoni. Shangazi alishika chuma cha dirishani, akautazama mji ukirudi nyuma, akasema, "Kumbe tumekuja mpaka huku kupanda feri ya Likoni." Tulipofika ng'ambo hakutaka hata kushuka ili aione Cacilhas, lakini sharti abiria wote washuke, basi tukashuka, tukanunua tiketi nyingine, tukavuka tena.