Kabla hujaandika bajeti ya chanzo cha maji, shuka kwanza korongoni

Wewe unayeandika andiko la mradi wa kulinda chanzo cha maji huku kwetu Dodoma, nakuomba uanzie korongoni. Mimi nilianzia kwenye kompyuta.

Ilikuwa kijiji kimoja wilayani Chemba, wanakoishi Wasandawe, Warangi na Wagogo. Fedha za mfadhili zilishaingia na bajeti ilishapitishwa: seng'enge, nguzo, miche, kibao cha mradi. Tukazungushia uzio eneo ambalo ramani ilituonyesha kuwa ndiyo chemchemi. Mwezi wa tisa nikamkuta bibi mmoja wa Kisandawe chini kidogo ya uzio wetu, amepiga magoti kwenye mchanga wa korongo, anachimba kwa kata. Shimo likafika kiwiko, likafika bega. Akaacha, akasubiri. Maji yakaanza kujichuja taratibu; ya kwanza akayamwaga kwa kuwa yalikuwa na tope, ya pili akanipa ninywe.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "mmefunga malisho ya ng'ombe, maji mmeyaacha wazi."

Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akanijibu kwamba mkutano tuliuitisha siku ya mnada.

Jibu lile sijalisahau. Wazee wa Kondoa nao hawajasahau yao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka ya Milima ya Irangi. Majani yalirudi, hilo halina ubishi. Lakini gharama aliibeba mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda kutafuta malisho ugenini. Ukifika leo na neno "hifadhi" mdomoni, mzee anasikia "kuhamishwa". Mpe muda akuulize yote.

Kwa hiyo fungu la kwanza kwenye bajeti yako liwe la kukaa na watu: vikao kwenye kila kitongoji, posho ya wazee wanaokuonyesha mipaka, mkalimani pale wanapozungumza Kisandawe. Wafadhili wengi hulikata kwanza fungu hili. Litetee. Sheria ndogo ya kulinda chanzo lazima ipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji kisha iidhinishwe na halmashauri, na sheria ambayo wafugaji hawakuijadili hakuna atakayeisimamia usiku.

Miche punguza. Ardhi yetu imejaa visiki ambavyo mizizi yake bado hai. Kuna kazi ya kisiki hai, ambapo unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine na kulilinda eneo. Kinachohitaji fedha hapo ni mlinzi alipwe kila mwezi bila kuchelewa, na awe ametoka kijijini.

Tazama pia muda. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mradi wa miezi 12 unaona mvua mara moja, na fedha zikichelewa hauoni hata hiyo. Omba miaka mitano, hata kama kiasi cha kila mwaka ni kidogo.

Na ardhi iwe na karatasi. Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na kwa kulinda misitu yao wanapata mapato ya hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayobaki kwenye miti badala ya kwenda angani. Wamekaa mezani wakiwa wenye ardhi. Natamani sana wakazi wa jiji la Dodoma, tunaotegemea visima vya Makutupora, nasi tuchangie kwa utaratibu huo wale wanaotunza ardhi ambako mvua inazama.

Kule Chemba mfadhili alikubali tubadilishe matumizi, baada ya barua nyingi. Uzio tukaung'oa. Nguzo zikajengewa zizi la kunyweshea, pembeni kabisa mwa korongo, pamoja na mbauti yake, yaani birika la kunyweshea mifugo, ili ng'ombe wasikanyage mchanga wenye maji. Fedha za walinzi zinapita kwenye akaunti ya jumuiya ya watumia maji, na matumizi husomwa hadharani chini ya mkwaju. Vikao vyake tunaviitisha siku ambayo hakuna mnada, na bibi yule hukaa mstari wa mbele.