Friji lililolazwa safarini: usiliwashe leo

Umenunua friji lililotumika, muuzaji kakuambia linagandisha vizuri, limeletwa limelazwa, na unauliza kama uliwashe leo hii. Hapana, usilichomeke kwanza. Lisimamishe wima ulipopanga likae, uliache litulie. Kama lililazwa safari nzima, ngoja mpaka kesho, saa 24. Kama ni kuliinamisha kidogo tu mlangoni, saa mbili tatu zinatosha. Shida ni oili ya kompresa, lile dude jeusi la mviringo chini kwa nyuma. Friji likilala, oili inatoka humo na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiliwasha kabla haijarudi, kompresa inafanya kazi kavu na inaweza kufa. Mimi ni fundi, friji za namna hiyo huletwa kwangu sana, na kompresa si ya bei ndogo.

Muuzaji anayesema "linagandisha vizuri" pengine hadanganyi, ila siku nyingine mwambie alichomoe tangu usiku, uliwashe mwenyewe. Friji ulilolikuta tayari baridi halikuonyeshi linavyohangaika kuwaka. Soma na kibandiko cha nyuma: kikiandikwa R600a, hiyo gesi ya ndani ya mabomba inashika moto, kwa hiyo barafu ya friza usiibandue kwa kisu, usije ukatoboa bomba ikavuja.