Funguo Zilizoondoka Kiunoni: Hofu ya Utotoni na Woga wa Kupoteza Madaraka

Kwa miaka kumi na moja nilitembea na funguo za ghala kiunoni. Zilikuwa tisa katika pete moja ya chuma, na mlio wake ulinitangulia kila nilikokwenda, hata vibarua wakawa wanazima sigara kabla sijakata kona. Uongozi ulipoamua kwamba funguo zote zikabidhiwe mapokezi, na kila anayezihitaji atie saini daftarini, hakuna aliyenishusha cheo wala kunipunguzia mshahara hata shilingi moja. Nilizikabidhi huku natabasamu, nikarudi nyumbani, na usiku ule sikulala.

Nalisimulia jambo hili kwa sababu hali iliyonipata baadaye haikulingana hata kidogo na kilichotokea. Kwa muda wa wiki tatu nilimwona kila kijana wa ofisini kuwa ananichimba, na nyumbani nilimfokea mwanangu kana kwamba ameniibia, ilhali kosa lake lilikuwa kuchomoa chaji ya simu yangu ili achomeke ya kwake. Mke wangu ndiye aliyeniuliza: "Baba watoto, mbona kila ukisimama unajipapasa kiunoni? Umepoteza nini?" Sikuwa na jibu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe pale pete ilipozoea kuning'inia.

Nilikwenda kwa mshauri nasaha, mama wa makamo asiye na haraka, na katika kikao cha tatu alinitajia dhana ambayo Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi wa nafsi, aliiita hofu ya kuhasiwa. Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo, maana kwetu kuhasi ni neno la zizini, na hakuna mwanamume anayependa kulisikia likitajwa karibu na jina lake. Aliniacha nikapoa, ndipo akaeleza. Kwa maoni ya Freud, mtoto wa kiume wa miaka mitatu hadi mitano humpenda mama yake kwa wivu na kumwona baba kuwa mshindani. Kwa kuwa baba ana nguvu zote, mtoto huogopa kwamba ataadhibiwa kwa kunyang'anywa uanaume wake. Hofu hiyo haisemeki, kwa hiyo huzikwa katika sehemu ya akili ambayo mwenyewe haioni, na miaka mingi baadaye huweza kuibuka ikiwa imevaa nguo nyingine, kama vile woga wa kupoteza kazi, cheo, fedha au heshima.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa mtoto wa miaka mitano ambaye Freud aliandika habari zake mwaka 1909 akimwita Hans. Wakati huo mitaa ya Vienna ilikuwa imejaa magari ya farasi, na mtoto huyo alikataa kutoka nje kwa kuogopa kwamba farasi atamng'ata. Freud alimwona mara moja tu katika matibabu yale, kwani kazi kubwa ilifanywa na baba mzazi aliyeandika maneno ya mwanawe na kumpelekea. Hans aliogopa hasa farasi wenye weusi mdomoni na vifuniko vya macho, na Freud, akimtazama baba aliyeketi mbele yake na masharubu na miwani, akaona kwamba farasi anayeogopwa ni baba. Imeandikwa pia kwamba mama yake aliwahi kumtisha waziwazi kwamba ataitwa daktari amkate.

Mimi si mfuasi wa Freud katika kila neno lake. Mtoto yule alimwona farasi wa gari la abiria akianguka barabarani, na wapo wanasaikolojia, Joseph Wolpe na Stanley Rachman mwaka 1960, waliosema kwamba tukio kama hilo linatosha kueleza woga wake bila kumwingiza baba. Naona wana hoja. Lakini Freud mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1926, aliiweka hofu hii katika mlolongo mrefu zaidi wa hofu za kupoteza, akianza na kutengwa na mama na kukosa upendo wake, na hapo ndipo nilipojiona. Si lazima ukubali habari za wivu wa baba na mwana ili utambue kwamba mtu mzima anayenyang'anywa kitu kidogo anaweza kulia kilio cha mtoto aliyetishiwa kitu kikubwa.

Mshauri wangu aliniuliza ni lini katika maisha yangu niliwahi kusikia chuma kikilia na nikaogopa. Swali lilinishangaza, kwa kuwa jibu lilikuja kabla sijafikiri. Nilikuwa na miaka kama mitano, nyumbani kwa bibi karibu na Muheza, na mjomba wangu alikuwa na kisu cha kukunja ambacho alikifungua na kukifunga, ka, ka, akiniambia kwamba ngariba ameshafika kijiji cha pili na kesho ni zamu yangu. Watu wazima walicheka. Mimi nililala nyuma ya magunia ya mahindi. Nilipokuja kutahiriwa ilikuwa hospitalini, kwa daktari mpole, na siku hiyo siikumbuki sana. Ninachokikumbuka ni ule mlio.

Kwa anayejiona katika maelezo haya, ushauri wangu wa kwanza ni kupima hasira yako kwa ukubwa wa kilichopotea. Ikiwa umehamishwa meza tu nawe unawaza kulipiza kisasi, basi sehemu kubwa ya hasira hiyo si ya meza. Usikimbilie kurudisha nguvu zako kwa kumkandamiza aliye chini yako, kama nilivyomfanyia mwanangu. Nilimwomba radhi, na nakiri kwamba kumwomba radhi mtoto kulikuwa kugumu kuliko kukabidhi funguo. Tafuta mtu wa kukusikiliza, na umpe kumbukumbu jinsi ilivyo, hata kama inakuonesha ukiwa mdogo na mwenye kuchekesha. Kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, nenda kwa mtaalamu, usingoje kushauriwa na jamaa.

Kisha tuache kuwatisha watoto kwa kukatwa, iwe masikio, ulimi au kitu kingine. Najua ni utani wa kwetu na hakuna anayekusudia ubaya. Mtoto wa miaka minne hajui utani unaishia wapi.

Sikukuu ya Idi iliyopita mjomba alikuja kwangu, sasa ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Baada ya chakula akatoa kisu kilekile, akamwita mwanangu mdogo na kuanza habari za ngariba. Nilimwambia, "Mjomba, naomba hayo tuyaache." Akanitazama kwa muda, akasema kwamba yeye alitishwa na babu yake kwa panga, tena lililonolewa mbele yake. Hakusema zaidi. Mtoto akaomba akione kisu, mjomba akachukua chungwa mezani, akalimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, akampa.