Taulo zimekakamaa, masweta yanapiga shoti

Pole dada wa Njiro. Umesema taulo zinatoka kwenye mashine ya kukaushia ngumu kama kadibodi, na masweta ya watoto yanalia ta-ta-ta ukiyatenganisha. Hapa Moshi nilihangaika hivyo hivyo Julai, jua halionekani, mashine inazunguka kutwa.

Kosa langu lilikuwa kukausha kupita kiasi. Poliesta (kitambaa cha nyuzi za plastiki) ikishakauka kabisa ikaendelea kusuguana, ndipo chaji ya umeme inapojikusanya, na ndiyo hiyo inayopiga shoti. Toa nguo zikiwa na unyevu kidogo, umalizie kwenye kamba. Na poliesta ikauke peke yake, usiichanganye na pamba.

Ugumu wa taulo mara nyingi ni sabuni iliyobaki. Punguza sabuni ya unga, na kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia weka nusu kikombe cha siki nyeupe. Harufu huisha zikikauka. Ila siki na jiki visikutane kabisa, hutoa gesi ya sumu. Dawa ya kulainisha nguo niliiacha kwa taulo, zilikuwa hazinyonyi maji tena.

Safisha chujio la mashine kila ukimaliza kukausha, yale manyoya ya nguo yanayonasa humo hushika moto. Na kama shoti unaipata kila ukigusa bodi ya mashine yenyewe, chomoa, ita fundi umeme aangalie waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini.